Cherehani ya Miguu na Blanketi la Viraka

Kila mwaka wanawake wengi wa miji yetu hununua cherehani, na wengine wao, kabla mwaka haujaisha, huiweka pembeni na kuitandikia kitambaa kama meza. Si kwamba ni wavivu. Walichagua chombo kabla ya kuichagua kazi. Nataka kuwaeleza namna mume wangu nami tulivyochagua cherehani yetu hapa Lubumbashi, na namna binti yetu nami tulivyojifunza kuitumia kwa kushona mablanketi ya viraka. Huenda mama mmoja au mwanafunzi mmoja akapata faida.

Fedha zilitoka katika likelemba. Tulikuwa wanawake kumi, kila mmoja akitoa sehemu yake kila mwezi, na zamu yangu iliangukia mwezi wa tano. Fedha za namna hiyo huja mara moja. Zikipotea, utangoja muda mrefu. Mume wangu alikuwa na shauri lake, tena lilikuwa jema: chumba wanamolala watoto kilivuja, na mabati yalihitajiwa kabla ya mvua kurudi. Akaniambia, «Mama watoto, bati likiisha kupigiliwa misumari halikusumbui tena. Lakini mashini ina shida zake kila siku.» Nikamjibu, «Baba, bati litawakinga watoto mvua, wala halitaleta bati la pili. Cherehani ikifanya kazi, yaweza kuleta na mabati.» Tuliongea siku tatu. Mwisho alisema, «Basi, nunua. Lakini nunua kitu ambacho mwaka wa kumi kitakuwa kizima bado.» Neno hilo liliniongoza sokoni kuliko maneno ya wauzaji wote.

Kazi niliyoitaka nilikuwa ninaijua. Katika mwezi wa sita na wa saba usiku wa Lubumbashi una baridi, na mafundi wa nguo hutupa kila jioni vipande vya liputa visivyotosha hata mkono wa blauzi. Vipande hivyo vikiunganishwa hufanya uso wa blanketi. Chini yake huwekwa blanketi kuukuu, na chini kabisa shuka la pamba. Tabaka hizo tatu zisiposhonwa pamoja, ile ya kati hukunjamana ikifuliwa. Kwa hiyo mshonaji hupitisha uzi juu ya blanketi lote, kwa mistari au kwa mizunguko kama mkondo wa maji. Wengine huliita blanketi la namna hiyo mfarishi.

Katika Marekani, ambako kazi hii inapendwa sana, viwanda hutengeneza mashini maalum kwa ajili yake. Kichwa cha mashini hukaa imara juu ya meza pana. Mshonaji huketi, na mikono yake miwili hulisogeza blanketi chini ya sindano kama apendavyo. Meno ya kusukuma kitambaa hayamo. Nafasi iliyo chini ya mkono wa mashini ni sentimeta 40 au zaidi, ili blanketi lililokunjwa lipate kupita. Bei yake ni maelfu ya dola, nayo yataka umeme. Habari hiyo haikunisikitisha, maana ilinifundisha jambo moja kubwa: katika kazi hii lazima mikono yote miwili iwe huru, na meno yasisukume.

Nikiwa na kipimo hicho nilikwenda kutazama. Niliona cherehani za namna tatu. Ya kwanza ilikuwa ndogo, mpya, ya umeme. Ilikuwa nyepesi na yenye mishono mingi mizuri. Lakini katika mtaa wetu umeme huja na kwenda, tena mara nyingi huja usiku wa manane, watu wakiwa wamelala. Ya pili ilikuwa ya kuzungushwa kwa mkono. Bei yake ilikuwa ndogo, wala haikuhitaji umeme. Bali mkono wa kuume ukizungusha, ni wa kushoto tu unaobaki kuongoza kitambaa. Kwa kushona pindo yatosha. Kwa kuongoza blanketi zito haitoshi. Ya tatu ilikuwa cherehani ya miguu, kuukuu, yenye ukanda wa ngozi na kanyagio la chuma. Miguu huendesha, mikono miwili hubaki huru, na giza la mtaa halina neno nayo. Nikaichagua hiyo.

Hata hivyo kitu kikuukuu lazima kipimwe. Nilikwenda pamoja na fundi mzee anayejulikana mtaani kwa uaminifu wake. Alizungusha gurudumu kwa kidole kimoja, asikilize kama kuna kukwaruza. Aliishika sindano na kuitikisa, aone kama mti wake umelegea. Alitazama kaneti, yaani kile kijigurudumu cha uzi wa chini, akahakikisha ni cha namna inayouzwa kila soko. Kisha aliinua kichwa cha mashini na kunionyesha skrubu ya kushusha meno. Cherehani isiyo na skrubu hiyo huhitaji kibati cha kuyafunika.

Fundi alinieleza kwamba mashini hii ni Singer ya aina ya 15. Kiwanda kikubwa cha Singer cha Clydebank, katika Uskoti, kilifungwa mwaka 1980, lakini cherehani nyingi zilizotoka humo zinashona hata leo. Tena viwanda vya China vilitengeneza nyingine nyingi kwa mfano wa aina ya 15, na kwa sababu hiyo vipuri havikosekani. Hapo nililikumbuka neno la mume wangu juu ya mwaka wa kumi.

Upungufu mmoja ulibaki: nafasi chini ya mkono wake haifiki sentimeta 20. Blanketi zima haliwezi kupita humo bila taabu. Dawa yake ni kugawa kazi. Tunashona blanketi katika vipande virefu vitatu, kila kimoja na tabaka zake tatu. Vikiisha ndipo tunaviunganisha, na kufunika viungo kwa utepe.

Sasa nieleze mafundisho. Juma la kwanza hatukutia uzi wala kitambaa. Tulifundisha miguu tu. Gurudumu la mkono lazima sehemu yake ya juu izunguke kumwelekea mshonaji. Likirudi nyuma, uzi hujifunga na kukatika. Mguu wa mtu asiyezoea hukanyaga kwa nguvu, halafu husita, na gurudumu hupotea njia. Binti yangu, mwenye miaka kumi na mitano, alipata mwendo siku ya tatu, maana alikanyaga kama mtu anayetwanga kwa kufuata wimbo. Mimi nilihitaji siku sita. Juma la pili tulishona karatasi bila uzi, tukifuata mistari ya daftari, na matundu yakatuonyesha mahali mkono ulipoyumba.

Ndipo tukashusha meno. Hapa mambo yote hugeuka. Meno yakifanya kazi, mashini ndiyo inayopima urefu wa mshono. Yakishushwa, kipimo ni wewe mwenyewe. Miguu ikienda mbio na mikono ikachelewa, mishono hurundikana kama mchanga. Mikono ikivuta mbio na miguu ikachelewa, mishono huwa mirefu, na sindano hupinda hata kuvunjika. Tena kuna mambo mawili yanayosumbua wanafunzi wengi. Kwanza, wenzo wa kubania kitambaa lazima ushushwe, hata kama umeondoa kiguu chake, kwa maana usiposhushwa uzi wa juu haukazwi, na chini hufanyika vurugu la nyuzi. Pili, kabla ya kuanza, vuta uzi wa chini upande juu, ushike nyuzi zote mbili kwa mishono michache ya kwanza. Na mafuta yawe yale ya cherehani. Mafuta ya mawese huganda ndani ya chuma.

Jirani mmoja alimwambia binti yangu, «Viraka ni kazi ya maskini.» Mtoto alirudi ameona haya. Nilimweleza habari za Harriet Powers, mama aliyezaliwa utumwani katika nchi ya Georgia, Marekani, mwaka 1837. Alishona blanketi la vipande lenye picha za Biblia, kwa mkono na kwa mashini, nalo lilionyeshwa katika maonyesho ya mji wa Athens mwaka 1886. Mwanamke mmoja mchoraji alitaka kulinunua, mama huyo akakataa. Miaka michache baadaye shida ziliwabana, na mume wake akamshauri auze. Aliomba dola 10, akapewa 5. Inasemekana alirudi mara kadhaa kulitazama. Leo blanketi hilo linatunzwa katika makumbusho ya Smithsonian, mjini Washington. Binti yangu aliuliza, «Mama, kwa nini alipewa nusu?» Nikamwambia, «Kwa sababu mwenye shida hasikilizwi bei yake. Ndiyo maana nataka uwe na ufundi kabla shida hazijafika.»

Blanketi la kwanza lilikwisha mwezi wa saba, tukampa mama yangu mzazi, ambaye mifupa yake haipendi baridi. Mishono yake haikulingana yote, lakini limefuliwa mara nyingi wala halijakunjamana. Yaliyofuata tuliyauza, na fedha zake tuliziandika katika daftari. Kabla ya mvua tulikuwa tumepata mabati manne. Hayakutosha chumba chote, lakini yalifunika upande wa vitanda. Naye mume wangu, bila kuombwa, alileta mbao akaongeza meza upande wa kushoto na wa nyuma, kwa sababu aliona uzito wa blanketi ukining'inia na kuivuta sindano.

Basi, wazazi wapenzi, na ninyi wanafunzi wa kushona, msianze kwa kuuliza ipi ni mpya au ipi inang'aa. Ulizeni kwanza: kazi gani nitaifanya? Mikono yangu itakuwa huru? Nguvu ya kuiendesha itatoka wapi? Ikiharibika, nani wa mtaani ataitengeneza, na kipuri kiko soko gani? Mkiisha kujibu hayo, nunueni, kisha ipeni miguu yenu juma zima kabla ya kutia uzi. Mtoto asiyelazimishwa kuharakisha mwanzoni atashona vizuri zaidi mwishoni.