Mtamba Niliyemwiba

Wenzangu katika chama hiki hudhani kwamba mimi ni mwanafunzi wa fasihi, kwa kuwa sikosi mkutano hata mmoja. La hasha! Mimi ni wa biashara, na ninayoyasimulia yalitendeka katika darasa la usimamizi wa fedha za kampuni.

Mhadhiri alitugawa watano watano, akatupa kadhia ya mwaka 2008, serikali ya Kenya ilipouza hisa bilioni 10 za Safaricom, yaani robo ya kampuni, kwa shilingi 5 kila hisa. Swali lilikuwa fupi: je, bei ile ilikuwa ya haki? Tulikutana usiku, vijana wanne na mwenzetu mmoja aliyerejea masomoni akiwa na mvi, ambaye tulimwita Mzee. Kiingereza chake kilikuwa cha kukwamakwama, nasi, kwa ujinga wa ujana, tukampa kazi ya kupiga chapa majedwali.

Kizaazaa kilizuka tulipofika kwenye kiwango cha punguzo. Tulikadiria, kwa majaribio tu, kwamba kila hisa ingeleta senti 60 kwa mwaka, daima dawamu. Ukigawa kwa asilimia 12, hisa ni shilingi 5 barabara. Ukigawa kwa asilimia 15, ni shilingi 4. Kambi mbili zikaundwa, kila moja ikikariri kitabu kwa sauti, na yangu ndiyo iliyopaa zaidi. Saa sita ya usiku ikapita.

Hapo Mzee akaiacha kompyuta.

"Nisikilizeni, vijana," alisema kwa Kiswahili. "Mwaka huo niliuza mtamba nikaomba hisa hizi. Waombaji walifurika, nikapewa chache, pesa nyingine nikarudishiwa. Kabla ya mwaka kwisha, bei ilikuwa chini ya shilingi 5. Watu waliponiuliza nimepoteza kiasi gani, niliwatajia tofauti ya bei. Nilikosea. Mtamba yule angezaa. Hasara yangu ni bei iliyoshuka, na ndama juu yake. Sasa nyinyi mnagombania 12 na 15 kana kwamba zimeteremka kutoka mbinguni. Ulizeni kwanza: ndama yuko wapi?"

Tukanyamaa. Gharama ya mtaji nilikuwa nimeikariri tangu mwaka wa pili; usiku ule ndipo nilipoielewa: ni yale mapato ambayo fedha zako zingeleta kwingineko, penye hatari iyo hiyo. Tukaanza upya, tukachukua riba ya hatifungani za serikali, tukaongeza fidia ya hatari, tukatua kwenye asilimia 14. Hisa ikawa shilingi 4 na senti 29. Hatukugombana tena.

Siku ya kuwasilisha, kundi lilinichagua mimi, eti kwa ufasaha. Nilimsimulia mtamba kwa Kiingereza mbele ya darasa zima. Mhadhiri alitabasamu, akauliza mfano huo nilikuwa nimeutoa wapi. Mzee alikuwa safu ya pili, ameinamia karatasi zake.

"Ulinijia tu," nikajibu.

Sote tulipata alama sawa, lakini sifa zilikuwa zangu. Nilibeba sifa hizo kwa siku tatu, kisha nikamfuata Mzee kwenye ngazi za maktaba kumwomba radhi.

"Si kitu, kijana wangu," alisema. "Ila wewe ulisema ng'ombe."

Sikumwelewa.

"Ulisema ng'ombe. Ng'ombe aliyekwisha kuzaa unajua maziwa yake, unamtia bei. Mtamba bado. Ulichouza hukijui. Huo ndio uliokuwa mfano."

Kweli, nilikuwa nimesema ng'ombe. Nikiwa nimesimama pale mbele, neno la Kiingereza la mtamba lilinipotea, nikashika lililokuwa karibu, na hakuna aliyeng'amua ila mwenyewe.

Jioni ile nilimwandikia mhadhiri barua, nikamtajia mwenye mfano na nikasahihisha neno. Bado hajanijibu. Mzee naye hajui kwamba niliandika, na tangu hapo tumepangwa pamoja katika kadhia nyingine, ya ushuru. Safari hii majedwali napiga mimi.