Sakafu ya Bibi wa Idodi

 

Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai sweta haikutoki mwilini. Lakini panda basi la Idodi, upite Kalenga palipokuwa na boma la Mtwa Mkwawa, upite Nzihi na Kidamali, na gari linavyozidi kuteremka kuelekea bonde la Ruaha utaanza kuvua kimoja kimoja. Kwanza kitenge cha begani, kisha sweta. Mibuyu inajitokeza, jua linakuwa kali, na penye maji ya mfereji utaona majaruba ya mpunga. Wageni wengi hupita hapa wakiwa na haraka ya kwenda kuwaona tembo katika Hifadhi ya Ruaha. Sisi, akina mama watano wa usharika mmoja, wawili wetu tukiwa wauguzi, tulikwenda kuona sakafu.

Mwenye sakafu ni bibi mjane anayeishi na mwanawe na mkwewe. Mkwe huyo alikuwa na mimba ya miezi saba. Mimba iliyotangulia alipata homa iliyokuwa ikienda na kurudi, akajifungua kabla ya wakati, na mtoto hakuishi. Tulipoingia chumbani mwake tukaona nyufa za kuingiza kidole, hasa pale ukuta unapokutana na sakafu. Mmoja wetu akachokoa ufa kwa kijiti. Akatoka papasi wa kijivu, bapa kama punje ya dengu iliyokanyagwa, halafu wa pili.

Tuseme kidogo habari za mdudu huyu, maana wengi wanamfahamu kwa jina tu. Mchana hujificha katika nyufa na vumbi, usiku hutoka akanyonya damu kwa muda mfupi na kurudi. Anaweza kukaa miaka bila chakula, kwa hiyo nyumba iliyohamwa si nyumba salama. Homa yake hupanda siku chache, ikatulia, kisha baada ya wiki hivi ikarudi. Mtu akinywa dawa ya malaria katikati hudhani imemponya. Daktari Mwingereza Joseph Everett Dutton alikufa kwa homa hiyo mwaka 1905 huko Kasongo, Kongo, alipokuwa akiichunguza. Kwa mjamzito ni hatari sana, huweza kuharibu mimba au kumleta mtoto mapema. Dawa ipo, ila kwa mjamzito lazima ichaguliwe na mganga, kwa kuwa si kila dawa inamfaa.

Basi tulikuwa na jibu letu tayari: kuchimba sakafu yote na kumwaga saruji. Michango yetu ilitosha mifuko mitatu. Fundi alipopima chumba na sebule alicheka. Bibi yeye hakucheka.

"Sakafu hii niliikuta imeshindiliwa na mama mkwe wangu," alisema. "Mnaichimba ya nini, wanangu? Mtu akipasuka kisigino mnamkata mguu?"

Tuliona haya kidogo. Kwa kweli chini ya nyufa zile udongo ulikuwa mgumu kama tofali. Kilichoisha ni tabaka la juu. Wenye sakafu za mbao ngumu, mninga kwa mfano, wanalijua jambo hili: fundi asiye na subira hukimbilia msasa, na kila akikwangua ubao unapungua unene. Mwenye subira huondoa uchafu na nta ya zamani, huziba nyufa, kisha hupaka nta mpya au mafuta ya kitani. Rwanda nako ipo kampuni ya EarthEnable ambayo hushindilia sakafu za udongo na kuzipaka mafuta ya mimea yanayokauka yakawa magumu, zikaweza kuoshwa kwa maji. Mafuta hayo Idodi hatukuwa nayo. Tulikuwa na kichuguu.

Bibi akawa mwalimu. Vyombo vyote vilitolewa nje, sakafu ikafagiliwa, kila ufa ukapanuliwa kwa kisu na kusafishwa vumbi. Hapo sisi wauguzi tukaomba maji yaliyochemka, tukayamimina ndani ya nyufa. Udongo wa kichuguu ulitwangwa, ukachekechwa, ukachanganywa na mchanga laini wa mtoni, ukalowekwa usiku kucha. Asubuhi bibi alifinyanga kijiti cha udongo huo kama kidole na kukianika. Kikipasuka, udongo umezidi, ongeza mchanga. Kikimomonyoka, mchanga umezidi. Cha kwanza kilipasuka.

Ufa mpana haujazwi mara moja, kwa sababu udongo hunywea unapokauka. Tulijaza nusu, tukangoja kesho yake, tukajaza tena na kukandamiza kwa jiwe. Sakafu ya zamani iliparuzwa kidogo na kunyunyiziwa maji ili mpya ishike.

Ugomvi ulikuja kwenye tabaka la mwisho. Desturi ni mavi mabichi ya ng'ombe na majivu, na ni kweli hayo huzuia vumbi na kushikamanisha udongo. Lakini katika samadi huweza kuwamo mbegu za pepopunda, na chumba kile kilikuwa kinamngojea mtoto mwenye kitovu kibichi. Tukakataa. Bibi akatuuliza kama yeye na watoto wake saba walikufa. Mkwe alikuwa amesimama mlangoni akitazama chini, hakusema neno. Bibi alimtazama, akanyamaza kitambo, kisha akaenda jikoni akachemsha chenga za mchele hadi zikawa uji mwepesi. Uji huo ndio uliochanganywa na udongo na majivu kwa chumba cha mkwe. Sebuleni alipaka samadi yake kama kawaida, kwa kiganja, akirudi nyuma nusu duara kwa nusu duara hadi mlangoni, nasi hatukubishana naye. Udongo ulipoanza kukaza tulisugua kwa mawe laini ya mtoni mpaka ukang'aa. Mlango ulifungwa ili upepo wa mchana usiukaushe haraka ukapasuka.

Fedha za saruji zilinunua kitanda. Tulikiweka mbali na ukuta, na shuka na chandarua vikachomekwa visiguse chini. Tulizungumza pia na mume kuhusu kliniki, chanjo ya pepopunda, na kutongoja uchungu uanzie nyumbani.

Tulirudi baada ya wiki tano. Uji wa mchele ulikuwa umevuta sisimizi kwa siku kadhaa, bibi alitueleza bila kuficha furaha yake. Ufa mmoja wa pembeni ulikuwa umefunguka tena, mwembamba kama uzi. Mkwe hakuwapo. Alikuwa kwa ndugu jirani na kituo cha afya akisubiri siku zake, na homa haikuwa imemrudia. Bibi alikuwa amepiga magoti chumbani na bakuli la udongo. Alituambia tuzunguke mlango wa nyuma, kwa sababu hapo mbele palikuwa bado pabichi.