Motokaa Yangu na Barabara za Changamwe

Msomaji, kama umepata kuvuka Likoni wakati maji yamekupwa, bila shaka umeona jinsi magari yanavyoingia katika feri. Bahari ikijaa, feri huinuka pamoja nayo, na magari huingia taratibu kama wageni waingiao ukumbini. Bahari ikipwa, feri hushuka, mteremko wa saruji huwa mrefu na mkali, na pale saruji inapokutana na ulimi wa chuma wa feri pana kipindo kama cha kiwiko. Lori hupita hapo bila kujali. Motokaa yangu, katika miezi minne nitakayokusimulia, haikuweza kupita bila kupiga ukelele. Tumbo lake lilikwaruza chuma, watu waendao kwa miguu waligeuka kutazama, na vijana walipiga miluzi. Nami, sikufichi, niliona fahari. Nilidhani ukelele ule ulikuwa ushahidi kwamba motokaa yangu haikuwa kama za watu wengine.

Mimi ni mkazi wa Likoni na kazi yangu iko Changamwe. Kila siku ya kazi huvuka maji, hukata kisiwa, hupita Makupa, na kutokea upande wa pili wa bara. Kwa safari hiyo nilijinunulia motokaa ndogo iliyokwisha tumika Japani, Suzuki Swift Sport, iliyoteremshwa katika bandari yetu kama yanavyoteremshwa magari mengi ya nchi hii. Ni motokaa ya namna ile yenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, fupi, nyepesi, iliyotiwa mtambo wenye nguvu kuliko umbo lake. Magari ya aina hii yalipata sifa kubwa tangu mwaka 1976, Wajerumani walipoanza kuuza Volkswagen Golf GTI yenye nguvu za farasi 110. Yangu ina nguvu za farasi 136 kwa uzito upatao kilo 1,050. Kijana akiketi nyuma ya usukani wa kitu kama hicho, akili yake huwa na kazi kubwa ya kumzuia.

Ilinitosha kwa mwendo. Haikunitosha kwa kona. Kila nilipopinda kwa kasi niliona mwili wake ukilala upande, nami nikasadiki kwamba kulala huko ndiko udhaifu wake. Nilikuwa nimetazama picha nyingi za motokaa za mashindano ya Ulaya, zilizoinama mpaka karibu kugusa lami, zikipinda bila kulala hata kidogo. Basi nikaagiza springi fupi na ngumu, kwa fedha iliyozidi mshahara wangu wa mwezi mmoja, nikazifungisha katika gereji moja kisiwani. Shokamzoba za zamani niliziacha, kwa kuwa fedha ilikwisha. Motokaa ikashuka sentimita 4. Nilipoiona imeinama vile, nilirudi nyuma hatua kumi ili niitazame vizuri, kisha nikarudi hatua kumi nyingine.

Hapa inafaa nikueleze springi hufanya kazi gani, kwa maana mimi mwenyewe nilikuwa nimeisoma habari hii shuleni na nisiitambue nilipokutana nayo barabarani. Mwaka 1678 mtaalamu wa Uingereza, Robert Hooke, alitangaza kanuni kwamba springi hubonyea au kunyooka kwa kadiri ya nguvu inayotiwa juu yake. Tuseme springi ya gurudumu la mbele hubonyea sentimita 1 kwa kila kilo 25. Ikibebeshwa kilo 300 itabonyea sentimita 12, na hapo motokaa imesimama tu. Gurudumu likipanda juu ya tuta, springi itabonyea zaidi, na mwili wa motokaa utabaki karibu pale pale ulipokuwa. Likiangukia shimoni, springi itanyooka na kulisukuma gurudumu chini, lisiache kugusa barabara. Faraja ya abiria hutokana na kazi hii, lakini kuna faida nyingine iliyo kubwa zaidi: gurudumu hubaki limekanyaga ardhi. Usukani, breki na nguvu za mtambo vyote hupita katika vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikiwa na ukubwa kama wa kiganja cha mkono wako. Kiganja hicho kikiinuka kutoka ardhini, dereva hana chochote mkononi ila duara la kuzungusha.

Wapo vijana wasio na fedha ya kuagiza springi fupi, nao huzikata zile walizo nazo kwa msumeno. Springi yenye mizunguko 8 ikikatwa 2 huwa fupi, na tena huwa ngumu zaidi kwa theluthi moja, maana chuma kilichobaki cha kujipinda kimepungua. Sikufanya hivyo, lakini nilichofanya kilikuwa jamaa yake wa karibu.

Springi peke yake, aidha, haitulii. Ukiisha kuibonyeza na kuiachia hupanda na kushuka mara nyingi kabla ya kunyamaza. Kazi ya kuinyamazisha ni ya shokamzoba. Hii ni bomba lenye mafuta ndani yake na pistoni yenye vitundu vidogo. Pistoni ikisukumwa, mafuta hujipenyeza kwa shida katika vitundu hivyo, na nguvu ya mtikiso hugeuka kuwa joto. Baada ya safari ya barabara mbovu iguse shokamzoba, ila uiguse kwa ncha ya kidole, nawe utalikuta joto hilo. Sasa, shokamzoba hutengenezwa kwa kipimo cha springi yake. Zangu zilikuwa zimetengenezwa kutuliza springi laini, tena zilikuwa zimekwisha kuzeeka. Kuzipa springi ngumu ilikuwa kama kumpa mzee mmoja kazi ya kutuliza watoto wa madrasa nzima.

Juu ya barabara iliyosawazika nilistarehe. Darajani Nyali, nilipokwenda Kisauni Jumapili moja asubuhi, motokaa iligeuka kama iliyosoma mawazo yangu. Lakini maisha yangu hayakuwa juu ya daraja la Nyali. Yalikuwa Changamwe, ambako matrela ya makontena huenda polepole na mizigo mizito juu ya lami iliyolainishwa na jua, na lami husukumika ikafanya mifereji na mawimbi yanayoganda hivyo. Juu ya mawimbi yale motokaa ilirukaruka. Mama yangu, niliyempandisha mara moja tu, aliomba ashuke Makupa akapande matatu, nami nikacheka nikidhani ni uzee.

Siku ninayotaka kukuambia ilikuwa ya mwezi wa Mei, wakati mvua ya masika huzidi pwani. Nilikuwa katika barabara ya ndani karibu na Chaani, jioni, nikirudi nyumbani. Mvua ilikuwa imepungua lakini lami ilimeremeta. Mbele yangu palikuwa na kona ya kushoto niliyoizoea, nami niliiingia kwa mwendo niliouzoea, ambao sasa najua ulikuwa mkubwa mno. Uzito wote wa motokaa ulihamia magurudumu ya kulia, kama inavyokuwa katika kona ya kushoto. Springi ikabonyea mpaka ikafika mwisho wake, kwa sababu nilikuwa nimeiachia nafasi ndogo ya kubonyea. Ndipo likaja wimbi la lami. Nilisikia kishindo, si cha kuumiza, kama mtu aliyepiga meza kwa ngumi, na mara usukani ukawa mwepesi mkononi mwangu. Sijapata kushika kitu chepesi cha kutisha kama usukani ule. Niliukaza kushoto, motokaa ikaenda moja kwa moja.

Mbele yetu, upande wa kulia wa barabara, palikuwa na mwuza maji na mkokoteni wake wa mitungi. Aliniona. Aliuachia mkokoteni na kuruka mtaroni, na mimi nikapita nikaugonga ubavuni kwa bampa, mitungi ikatawanyika barabarani, mingine ikapasuka. Motokaa ilisimama juu ya ukingo wa mtaro. Yule bwana alitoka majini, matope mpaka kifuani, akanitazama. Nilingoja matusi. Alisema tu, "Watoto wangu wanakula kwa mkokoteni huu," kisha akaanza kuokota mitungi yake, nami nikaokota pamoja naye huku mikono inanitetemeka. Nilimlipa mitungi, gurudumu la mkokoteni na kazi ya siku tatu. Alihesabu fedha mara mbili, akaitia mfukoni, asiseme kwaheri.

Siku ya pili niliipeleka motokaa kwa fundi mmoja mzee afanyaye kazi chini ya mwarobaini huko Changamwe, ambaye mikono yake ilijifunzia katika Peugeot 504.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Motokaa hii ina maradhi gani hata ikapiga magoti?"

"Haina maradhi, fundi. Niliiteremsha ili ishike barabara."

"Barabara ipi?" akauliza.

Sikuwa na jibu. Alifungua gurudumu la mbele la kulia akaniita nichungulie. Kizibo cha mpira kinachozuia vyuma visigongane kilikuwa kimesagika kama biskuti. Shokamzoba ilikuwa ikitoa jasho la mafuta. Tairi ilikuwa imelika upande wa ndani, kwa sababu motokaa iliposhuka magurudumu yaliacha kusimama wima. Mzee akapima kwa vidole nafasi iliyobaki ya springi kubonyea: ilikuwa vidole viwili.

Alipokuwa akifanya kazi alinisimulia habari za Safari Rally, nami nakupa kwa ufupi, kwa kuwa zinahusu jambo hili kabisa. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, na miaka mingine yalishuka hata pwani. Motokaa zilizoyashinda hazikuwa zimeinamishwa. Katika mashindano ya Ulaya ya barabara za lami mafundi huzishusha. Huku walizipandisha, wakaziongezea nafasi ya springi kubonyea, wakaimarisha vyuma vyake. Joginder Singh, Mkenya, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha tumika, kisha mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Peugeot 504, motokaa ile ya baba zetu, iliyolala katika kila kona kama jahazi, ilishinda mwaka 1975 na tena 1978. Ililala, lakini magurudumu yake yalibaki ardhini, na hilo ndilo mashindano yalilohesabu. Nilipomsikiliza niliona haya kwa zile picha za Ulaya nilizozitazama usiku mwingi.

Alichonifungia hakikuwa kitu cha kuwaonyesha watu. Alirudisha springi za asili. Akataka shokamzoba mpya zilizo imara kidogo kuliko za kwanza, nami nikazinunua kwa mkopo. Akabadilisha bushi zote, yaani mipira midogo iliyo katika viungo vya magurudumu, ambayo ilikuwa imelegea na ambayo mimi sikuwahi hata kuijali. Ule ufito wa chuma unaounganisha gurudumu la kulia na la kushoto, kazi yake kupunguza kulala kwa motokaa, aliukaza katika vishikizo vipya, akasema kulala kwingi nilikokuwa nikikuona kulitoka hapo. Pumzi ya tairi, niliyoizidisha kwa kudhani ugumu ni wepesi, aliirudisha katika kipimo kilichoandikwa kwenye nguzo ya mlango. Mwisho alinipeleka kwa jirani yake mwenye mashine ya kupima mwelekeo wa magurudumu. Kazi yote ilichukua siku mbili, na gharama yake, ukiitoa bei ya shokamzoba, haikufika nusu ya ile niliyoitoa kwa springi fupi.

Nilirudi katika kona ile ya Chaani siku ya jua, kwa mwendo wa kiungwana. Motokaa ililala kidogo, ikanyamaza. Wimbi la lami likapita chini yake, nikalisikia kama pigo moja laini, na usukani haukubadilika uzito mkononi mwangu. Nilipita tena mara ya pili ili nihakikishe. Mama amekubali kupanda, ingawa bado hukamata mkono wa mlango tangu Likoni mpaka tufikapo. Feri nayo naiingia kimya, maji yawe yamejaa au yamekupwa, na hakuna anayegeuka kunitazama. Jambo hili, sikufichi, lilinichukua wiki kadhaa kulizoea.

Mwuza maji bado yupo Chaani. Huonana karibu kila jioni. Nikipunguza mwendo na kumpungia mkono, huitikia. Lakini mkokoteni huuvuta kwanza kando.