Dakika Moja ya Kuhesabu



Mimi ni pasta, na hapa kwetu karibu na Kolwezi niko pia mu kamati ya afya. Kwenye kituo chetu hakuna daktari. Wauguzi ndio wanapokea wagonjwa. Mwaka wa 2019 watu walinilalamikia: "Baba pasta, yule muganga mumoja anakawia sana! Mutoto mumoja, robo saa. Na shindano hapigi."

Siku moja musimamizi wa zoni ya afya akaja kupima kazi ya wauguzi wetu wawili, nami nikaketi pale na karatasi yangu. Mimi nilihesabu tu wagonjwa. Kufika saa ine, mupesi alikuwa amepokea kumi na wawili, mwenye kukawia watano. Nikasema moyoni: kesi imekwisha.

Asubui ile bibi yangu alileta mutoto wetu wa miezi 8, anakohoa. Mimi mwenyewe nilimwambia: "Pita kwa yule mupesi." Akatoka mbio na siro mukononi. "Ni vumbi ya mugodi tu, Mama pasta," ndivyo aliambiwa.

Musimamizi alikuwa anauliza kila mama mulangoni. "Mama pasta, alifunua kifua cha mutoto? Aliuliza kama ananyonya, kama anatapika kila kitu, kama alishikwa na degedege?" Hapana. "Na hii dawa utamupa mara ngapi?" Bibi yangu akanyamaza.

Akamupeleka kwa mwenye kukawia. Huyu akainua shati ya mutoto, akatazama saa, akahesabu kupema kwake dakika nzima: 58. Akatueleza kwamba mutoto wa miezi 2 hadi 12 akifikisha 50, anapema mbio kupita kiasi. Haikuwa vumbi, ilikuwa nimonia. Akatoa amoksisilini, akaeleza, kisha akamwomba bibi yangu arudilie maneno yale. "Akikataa kunyonya, mumulete hata usiku."

Niliikunja karatasi yangu, nikaona haya.

Mupesi hakukasirika. Alisema: "Baba pasta, musururu ni murefu, watu wanapiga kelele, na mushahara haufiki." Nayo ni kweli. Wenye kupiga kelele tulikuwa sisi. Basi kamati ikakubali kusaidia: mumoja wetu anapima uzito na joto kabla ya muganga, na mutoto aliye hoi anapitishwa mbele. Wauguzi wote wawili sasa wanahesabu.

Mutoto wetu alipona. Leo anakimbia na kuvunja sahani za mama yake.

Ndugu msomaji, ukitoka kwa muganga usijiulize kama alikuwa mupesi, wala kama alipiga shindano. Jiulize: Alinisikiliza? Alinigusa na kunipima? Nimejua namna ya kutumia dawa, na siku ya kurudi? Kama hujui, geuka, rudi ndani, uliza. Na kama mwenzako anakawia mule ndani, vumilia. Pengine kuna mutoto anayehesabiwa.