Jaribio la Kisima

Uongo wa ulimi una mashahidi, na kwa hiyo huweza kukanushwa siku ileile. Uongo wa kalamu hukaa kimya daftarini, ukaheshimiwa kwa sababu umeandikwa kwa wino. Mimi niliandika uongo wa namna hiyo mwaka 1994, katika daftari la wachimbaji wa kisima, chini ya mlima Kyejo, wilaya ya Rungwe. Ulikuwa mfupi sana: namba mbili na neno moja. Nimeuchukua kifuani zaidi ya miaka 30, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekuwa mwalimu hapa Iringa, nikiwaadhibu watoto wa watu kwa kunakili majibu wasiyoyafanyia kazi.

Msomaji asiyeijua Rungwe ahitaji kuambiwa kidogo juu ya ardhi yake. Ni nchi ya mvua, migomba na chai, yenye rutuba ambayo mgeni huistaajabia na mwenyeji huisahau. Lakini rutuba ile ni majivu ya moto wa zamani. Kyejo ulitapika mara ya mwisho yapata mwaka 1800, na habari zake zilihifadhiwa na wazee kwa masimulizi kabla wataalamu hawajaja kuyapima mawe. Moto umelala, bali pumzi yake haijakoma. Katika mahali pengi hutoka ardhini hewa ya ukaa, isiyo na rangi, nzito kuliko hewa ya kawaida kwa mara moja na nusu. Kwa kuwa ni nzito hutiririka bondeni kama maji na kutuama shimoni kama maji, ila maji huonekana.

Bibi yangu hakujua jina lake, lakini alijua desturi yake. Palikuwa na kibonde karibu na shamba letu la migomba ambacho alitukataza kushuka asubuhi ya baridi isiyo na upepo. Tuliokota ndege waliokufa ukingoni, na mara moja mbwa wetu alimfuata panya pale asirudi. Huko Goma, mashariki ya Kongo, watu wa Kiswahili wana neno kamili kwa mashimo ya hewa kama hiyo: huyaita mazuku. Sisi hatukuwa na neno. Tulikuwa na bibi. Na asidhani mtu kwamba ni jambo la ndege na mbwa tu. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 ziwa Nyos, nchini Kameruni, lilitoa wingu la hewa hiyohiyo, likashuka mabondeni na kuua watu wapatao 1,700 wengi wao vitandani mwao. Hata hivyo hewa ya ukaa si adui kwa kila mtu. Kampuni ya TOL huivuna palepale Kyejo, na yamkini msomaji ameinywa jana katika soda yake.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha 4, ninangojea matokeo, nami nilikuwa mzigo nyumbani. Wakaja wachimbaji wa kisima kirefu cha maji kwa ajili ya kijiji chetu. Sitawataja, kwa maana kosa ninalolisimulia ni langu. Walinichukua kuwa karani wao kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri. Mtambo ulichoronga siku nyingi bila ajabu; kisha siku moja tope likatoka likichemka mapovu, ingawa lilikuwa baridi. Fundi mkuu, mtu wa makamo kutoka Iringa, mpole wa maneno na mkali wa kazi, aliinama akalitazama, akasimamisha mtambo. Alisema maji yapo chini zaidi, lakini hewa ile lazima ifungiwe nje. Basi likateremshwa bomba la kinga la chuma, saruji ikasukumwa nje yake ili kuziba nafasi baina ya chuma na mwamba, na tukangoja saruji igande.

Kuziba si kazi ngumu; kujua kwamba umeziba ndiyo kazi. Wala huwezi kushuka kwenda kutazama. Kwa hiyo bomba hujazwa maji, mdomo wake hufungwa, maji husukumwa kwa pampu ya mkono mpaka mshale wa geji ufike pale panapotakiwa, kisha watu hukaa na kutazama. Mshale ukisimama, bomba na viungo vyake ni vizima. Ukishuka, kuna mahali panapovuja, hata kama hakuna jicho litakalopaona. Fundi mkuu alitaka mshale usimame kwenye 10, nusu saa kamili. Akaniachia saa yake ya mkononi, akaniambia, "Kijana, usiandike unachokitaka. Andika unachokiona." Kisha akaenda Tukuyu kutafuta kipuri.

Tulibaki wawili, mimi na kibarua mmoja. Dakika 3 za kwanza mshale haukutikisika. Dakika ya 6 nilidhani umeteleza kidogo, nikagonga kioo kwa ukucha. Dakika ya 10 ulikuwa 9 na nusu, bila shaka yoyote. Hapo ikaja mvua, na mvua ya Machi huko kwetu haibishi hodi. Mwenzangu akakimbilia chini ya turubai. Mimi nilisimama kwa kitambo, nikaona maji yakiingia daftarini, nikamfuata. Tulikula ndizi za kuchoma, tukacheka, na mvua ilipopungua nusu saa ilikuwa imepita kwa saa ya fundi, lakini tulikuwa tumekwisha fungua mdomo wa bomba ili tusilowe tena. Nikaandika: 10, kisha 10, kisha "Haukushuka." Fundi aliporudi jioni alisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaweka sahihi yake chini ya mwandiko wangu mzuri.

Kisima kilikamilika, na maji yalikuwa matamu. Pampu ilifungwa ndani ya shimo la zege lenye kina cha urefu wa mtu, na mfuniko wa bati juu yake. Mlinzi wa kisima alichaguliwa baba yangu mdogo, ambaye aliipenda ile pampu kama ng'ombe wa maziwa. Asubuhi moja ya mwezi wa Juni, baridi kali, moshi wa majiko umelala juu ya mapaa bila kupanda, alifungua mfuniko na kushuka na spana kukaza kiungo. Mimi nilikuwa kisimani na ndoo. Nilisikia spana ikianguka, na baada ya spana sikusikia kitu kingine.

Nilitaka kuruka humo. Bibi, aliyekuwa nyuma yangu, alinikamata shati kwa mikono miwili, akapiga kelele ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Alikuwa mzee, nami nilikuwa kijana wa nguvu, lakini hakuniachia. Leo najua kwamba katika mashimo ya namna hii mwokoaji ndiye maiti wa pili, na mwokoaji wa mwokoaji ndiye wa tatu. Wanaume walileta kamba na mti wenye ndoana, wakamnasa baba mdogo kwenye mshipi wakamvuta. Alikuwa hai. Lakini yule aliyetoka shimoni hakuwa yule aliyeshuka. Alisahau majina ya wanawe, akajifunza mawili, akayasahau tena. Aliishi hivyo mpaka mwaka 2009. Mara nyingi aliketi mlangoni akiuliza kama ni asubuhi.

Watu walisema ni hewa ya mlima. Walisema kweli; ila mlima ulikuwa umefungiwa mlango, na aliyethibitisha kwamba mlango umefungwa ni mimi. Sikusema neno.

Tangu siku zile nimesoma kila nilichokipata juu ya kujaribu visima, na zaidi visima vya mafuta na gesi, kwani huko ndiko watu walikokwisha kufa kwa wingi na kwa hiyo ndiko kanuni zilikoandikwa kwa makini. Niligundua kwamba nusu saa ya fundi wetu haikuwa ukaidi wake. Kanuni za Marekani kwa visima vya baharini husema jaribio la bomba la kinga lidumu dakika 30, na msukumo usipungue zaidi ya sehemu 10 katika 100. Nilifanya hesabu hiyo usiku, na nikatamani nisingaliifanya.

Kanuni nyingine ilinifurahisha kwa hekima yake. Mdomoni mwa kisima cha mafuta hukaa vali kubwa, moja juu ya nyingine, za kukibana kisima kikianza kutapika. Kwa miaka mingi sheria hizohizo zilidai zijaribiwe bila kupitisha siku 14. Jaribio huanza kwa msukumo mdogo, paundi 250 hadi 350 kwa inchi mraba, likashikiliwa dakika 5, ndipo huja msukumo mkubwa. Mtu asiyejua angesema: iliyostahimili kikubwa, kidogo kitaishindaje? Lakini msukumo mkubwa wenyewe huubana mpira wa vali ukaziba ufa wake. Mdogo huuacha ufa wazi, ukajulikana. Nimewajua watu wa namna hiyo pia, lakini hiyo ni habari nyingine.

Mwanzoni nilijifariji kwamba nilikuwa mtoto, na kwamba mabingwa hawatendi hivyo. Faraja hiyo iliondolewa tarehe 20 Aprili 2010, katika Ghuba ya Mexico, ulipolipuka mtambo wa Deepwater Horizon juu ya kisima cha Macondo cha kampuni ya BP. Walikuwamo watu 126. Wakafa 11, na mafuta yakamwagika baharini siku 87. Jioni ileile walikuwa wamekijaribu kisima. Jaribio lao lilikuwa kinyume cha letu: huondoa uzito wa juu ili kuona kama kisima kitatulia peke yake. Bomba la kuchorongea lilionyesha paundi 1,400 mahali palipostahili sifuri. Bomba jingine dogo lilikuwa kimya. Waliokuwapo hawakuwa vijana wa kidato cha 4. Walikuwa watu wa miaka mingi kazini. Wakatafuta maelezo ya zile 1,400, wakayapata, wakayaita athari ya kibofu, kisha wakaliamini lile bomba lililowaambia walichokitaka. Niliposoma hayo niliufunga ukurasa, nikatoka nje.

Nchi yetu nayo ina visima. Gesi iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982, na ile ya Songo Songo ikafika Dar es Salaam mwaka 2004. Huku kwetu Nyanda za Juu, Amoco walichoronga Galula na Ivuna, bonde la Rukwa, mwaka 1987. Mafuta waliyoyatafuta hayakupatikana. Bonde hilohilo sasa latafutwa heli, na mwaka 2024 kampuni ya Helium One ilitangaza kwamba imeifikisha juu ya ardhi huko Itumbula. Wengine wanatafuta mvuke wa kufua umeme Ngozi na bonde la Mbaka. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 iliunda mamlaka, PURA, ya kuzisimamia kazi za mafuta na gesi. Nafurahi kwamba ipo. Lakini mkaguzi aketiye ofisini husoma daftari, na daftari huandikwa na kijana aliyesimama mvuani.

Bibi alikuwa na njia yake ya kupima shimo: kuteremsha kibatari kwa kamba, na kikizimika, mtu hashuki. Naitaja kwa hadhari. Kwa hewa ya ukaa njia hiyo imeokoa wengi, lakini hewa yaweza kumlevya mtu kabla ya kuzima moto; na katika shimo lenye gesi ya kuwaka, kama ile ya Songo Songo, kibatari hicho kingekuwa ndiyo ajali yenyewe. Siku hizi kuna kipimo kidogo cha kushika mkononi, hulia kwa sauti kabla mtu hajaingia.

Mtoto wa mwisho wa baba mdogo amesomea uchorongaji. Mwaka jana alipita Iringa tukasafiri pamoja kwenda Mbeya kwa basi. Barabara ile huandamana na bomba la TAZAMA, lililoanza kazi mwaka 1968, kilomita 1,710 toka Kigamboni hadi Ndola, nalo limelala chini ya udongo watu wakilipita bila kulifikiri. Yeye hulifikiri. Baada ya Mafinga alinieleza namna wanavyolinda mabomba yasiliwe na kutu, na namna hewa ya ukaa ikichanganyika na maji inavyokuwa tindikali, ikatafuna chuma na saruji, hata uvujaji mdogo ukawa mkubwa kwa miezi michache. Alizungumza kama mwalimu, nami nilikuwa mwanafunzi.

Makambako, basi liliposimama, nilimweleza yote: mvua, turubai, ndizi, namba mbili na neno moja.

Hakunijibu. Tulipita Igawa, tukapita Chimala, mashamba ya mpunga mkono wa kulia, milima mkono wa kushoto. Nilidhani hatasema nami tena, na niliona ana haki. Tulipokaribia Uyole akageuka.

"Kaka, mshale ulishuka kiasi gani?"

"Nusu. Toka 10 hadi 9 na nusu."

"Kwa dakika ngapi?"

"Kumi."

Alitazama nje, midomo yake ikihesabu.

"Kwa nusu saa ingekuwa 8 na nusu," alisema. "Tungelikataa bomba lile."

Kisha akasimama kuushusha mzigo wake, na wangu, kwa kuwa Uyole ndipo tunapobadili gari kwenda Tukuyu.