Kumfuata Mtoto Baada ya Darasa la Awali

Mwanachuo anapofika shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, moja ya mambo ya kwanza anayoonyeshwa ni daftari la mahudhurio. Humo huona majina na alama, akadhani kwamba amekwisha kuwajua watoto. Nami nilidhani hivyo kwa miaka mingi. Yafaa niwasimulie jinsi nilivyokosea, maana kosa lenyewe ni jepesi kulitenda, na ninyi mtakaofundisha madarasa ya chini hamna budi kulikwepa.

Nilifundisha darasa la kwanza katika shule moja ya mlimani, upande wa Vidunda, wilayani Kilosa. Mtu atokaye Mikumi hufuata barabara ya Ifakara mpaka Kidodi, kisha huanza kupanda. Vitongoji vimetawanyika migongoni mwa milima, na baina ya kimoja na kingine yapo mabonde. Nyumbani watoto wengi husema Kividunda. Kiswahili cha darasani baadhi yao hukikuta shuleni.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliiingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi wa elimu. Sera ya mwaka 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima, na tangu Januari 2016 ada ilifutwa kuanzia awali hadi kidato cha nne. Lakini ada si kila kitu. Kwetu wazazi walibeba mawe ya kujengea chumba cha awali, na kila kaya ikatoa mahindi ya uji wa watoto.

Mwaka wa kwanza nilifurahi sana. Watoto waliotoka awali walishika penseli vizuri, walielewa maagizo kwa Kiswahili, na waliimba namba bila woga. Wale waliokuja moja kwa moja kutoka nyumbani walikaa kimya. Katika mkutano wa wazazi nilisimama nikasema kwamba matunda ya jasho lao yameonekana.

Watoto wale walipofika darasa la tatu, mwalimu mkuu aliniagiza nitayarishe taarifa ya maendeleo yao. Nilizipanga alama za waliosoma awali upande mmoja, na za wenzao upande wa pili. Tofauti haikuonekana! Nilipoisoma taarifa hiyo mkutanoni, mzee mmoja aliinuka akaniuliza, "Mwalimu, basi mawe yale tuliyabeba bure?" Wengine walianza kusema kwamba mahindi ya uji yabaki nyumbani. Sikuwa na jibu. Niliomba nipewe muda wa muhula mmoja nikachunguze.

Nilianza na majina niliyoyakata kwa wino mwekundu. Katika daftari langu hao walikuwa watoro, kwa hiyo sikuwahesabu. Nilikwenda nyumbani kwa mmoja wao, nikamkuta bibi yake akipepeta mahindi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Umemfuata mjukuu wangu? Hakutoroka. Mama yake alishuka bondeni kwenye kazi ya miwa, akamchukua. Anasoma huko huko, na barua zangu yeye ndiye huniandikia."

Niliona haya. Mtoto aliyekuwa akiandika barua nilikuwa nimemfuta katika hesabu ya wanaojua kuandika. Naye hakuwa peke yake, maana kila msimu wa miwa familia kadhaa hushuka Kidodi na Kidatu. Taarifa yangu ilikuwa habari ya waliobaki tu.

Kisha niliyaangalia makundi mawili niliyoyalinganisha. Wengi wa waliosoma awali walikaa karibu na shule. Wengi wa wenzao walikaa ng'ambo ya bonde, na wazazi wao waliona mtoto wa miaka mitano hawezi kuvuka peke yake wakati wa masika. Kwa hiyo hata ile tofauti niliyojivunia mwaka wa kwanza sikuweza kusema kwa hakika kwamba ilitokana na darasa la awali. Huenda sehemu yake ilitokana na umbali, umri, au Kiswahili cha nyumbani.

Jambo la tatu ndilo lililonichoma zaidi. Nilifungua maandalio yangu ya masomo ya darasa la kwanza. Kwa kuwa darasa lilijaa, nilikuwa nimewaanzisha watoto wote na irabu, a, e, i, o, u, na namba moja hadi kumi, kwa wiki nyingi. Waliozijua tayari walikaa wakingoja wenzao. Awali iliwasogeza mbele hatua moja. Mimi niliwasimamisha mpaka wenzao wakawafikia. Kisha nikaandika kwamba awali haikuwafaa.

Jambo hili limewashughulisha wengi duniani. Mwaka 1962, katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan, Marekani, ulianza uchunguzi wa watoto 123 wa familia maskini: 58 walipewa elimu ya awali na 65 hawakupewa. Katika vipimo vya akili tofauti yao ilitoweka baada ya miaka michache ya shule. Lakini wachunguzi hawakuacha kuwafuata. Watu hao walipotimiza miaka 40, waliosoma awali walikuwa wamemaliza sekondari kwa wingi zaidi na walikuwa na kipato kikubwa kuliko wenzao. Kwa upande mwingine, katika jimbo la Tennessee, taarifa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba watoto waliopata nafasi za awali kwa kura walikuwa nyuma ya wenzao walipofika darasa la sita. Basi darasa la awali si hirizi. Linaweza kufaa au kutofaa, kulingana na linavyofundishwa na linavyofuatiwa, na atakayepima mara moja tu aweza kudanganyika.

Mkutano uliofuata nilimjibu yule mzee mbele ya wote: "Mzee wangu, mawe hukuyabeba bure. Mimi ndiye niliyewarudisha watoto nyuma." Watu walinyamaza, kisha mama mmoja akauliza uji utaanza kupikwa lini.

Ninyi mnaojiandaa kwa kazi hii, nawashauri mambo machache. Mfungulie kila mtoto ukurasa wake katika daftari la maendeleo. Andika umri wake, kitongoji chake, lugha ya nyumbani, na kama alisoma awali. Wiki ya kwanza ya darasa la kwanza mpime kila mmoja kwa mazungumzo, ujue anachokijua, kisha uwagawe watoto kwa vikundi na kumpa kila mmoja kazi inayomfaa. Rudia kupima kila muhula, wala usiangalie kusoma, kuandika na kuhesabu tu. Angalia pia kama anauliza, anashirikiana, na anamaliza kazi aliyoianza. Akihama, andika alikokwenda na umpe nakala ya ukurasa wake. Asipoonekana, nenda nyumbani kwao kabla hujashika wino mwekundu.

Na siku alama zitakaposhuka, usikimbilie kumlaumu mwalimu wa awali. Fungua kwanza maandalio yako mwenyewe.