Asiye na Watu Atachangiwa na Nani?

Tangu nilipojua kuandika, mimi ndiye mshika daftari. Nikiwa bado shule ya msingi kijijini kwetu, upande wa Muheza, wazee waliniketisha mlangoni kila palipotokea msiba niandike nani kaleta nini. Baadaye nikasomea uhasibu, nikaajiriwa Dar es Salaam, na kila kamati niliyoingia, iwe ya harusi, ya msiba au ya mgonjwa, watu walinigeukia: wewe si mtu wa hesabu, shika hazina. Sijawahi kuwa mwenyekiti. Ila mweka hazina huona yasiyosemwa kikaoni: nani katoa, nani kaahidi akanyamaza, na nani hakuchangiwa kabisa.

Madaftari ya kijijini hayakuwa na fedha nyingi. Yalikuwa ya unga pishi mbili, kuni mzigo mmoja, nazi, ndoo za maji. Wanaume niliwaandika kwa kazi waliyofanya kaburini. Kwetu Waislamu na Waanglikana waliishi pamoja, kwa hiyo mikono iliyoosha maiti ilitofautiana, lakini mikono iliyochimba ilikuwa ileile. Miaka ya mwanzo ya themanini, baada ya vita vya Kagera, bidhaa ziliadimika. Sukari ya msiba iliombwa kwa kibali, na bafta ya sanda ilitafutwa mpaka Tanga mjini. Nakumbuka jirani mmoja alifungua sanduku lake akatoa shuka jeupe alilokuwa amemwekea bintiye kwa ajili ya ndoa. Hilo nalo niliandika: shuka moja.

Watu wa rika langu wakizikumbuka siku zile husema tulipendana. Mwalimu Nyerere, katika insha yake ya mwaka 1962 juu ya ujamaa, alieleza kwamba katika jamii ya jadi mtu hakufa njaa kwa kukosa mali yake mwenyewe, kwa kuwa aliitegemea mali ya jamii nzima. Kwa niliyoyaona, hakukosea. Lakini ushirika ule ulikuwa na meno. Kulikuwa na fundi mmoja asiyekwenda kwenye misiba ya wenzake. Mama yake alipofariki, wanaume walikuja, wakakaa chini ya mwembe, na hakuna aliyeshika jembe. Wazee walitaka kwanza alipe faini na kuomba radhi hadharani. Jua likapanda, maiti yuko ndani.

Bibi yangu hakuwa na desturi ya kubishana na wazee. Siku ile alisimama upande wa wanawake akauliza, "Aliyekosa ni huyu, mnayemnyima kaburi ni mamaye. Huyu mama kamkosea nani?" Mzee mmoja akamjibu kwa upole, "Bibi, tukimwachia huyu, kesho kila mtu atabaki kwake. Wewe mwenyewe utazikwa na nani?" Faini ikalipwa, mama akazikwa alasiri. Nilikuwa mdogo, lakini nilielewa kwamba wote wawili wamesema kweli, na jambo hilo lilinitisha kuliko kama mmoja wao angekuwa mwongo.

Kitu kimoja hatukukichangia wakati ule: matibabu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, hospitali na zahanati za serikali zilitibu bure, na mwaka 1977 sheria ikazuia udaktari wa biashara. Sisemi kwamba tulitibiwa vizuri. Mgonjwa alibebwa kwa kitanda cha kamba begani mwa watu, na mara nyingi alikuta daktari yupo, dawa hakuna. Hata hivyo hakuna jina hata moja lililoingia kwenye daftari langu kwa sababu mtu hakuwa na fedha ya kitanda. Kisha uchumi ukayumba, serikali ikaishiwa. Mwaka 1991 hospitali za binafsi zikaruhusiwa tena, na mwaka 1993 wagonjwa wakaanza kuchangia gharama katika hospitali za serikali, kuanzia zile kubwa. Msamaha uliwekwa kwa wajawazito, kwa watoto wa chini ya miaka mitano na kwa maskini. Mimba na umri havina ubishi. Umaskini ilibidi uthibitishwe kwa barua ya mtendaji na kwa kujieleza dirishani, watu wamepanga foleni nyuma yako wanasikia. Wengi waliona afadhali waende kwa jamaa.

Ndipo ukurasa wa wagonjwa ulipoanza katika madaftari yangu ya Dar es Salaam.

Miaka hiyohiyo harusi zilikuwa zinanenepa. Harusi niliyoijua mimi ilikuwa pilau na ngoma. Mjini nikakuta kicheni pati, sendofu, ukumbi, mshereheshaji, na kamati inayokutana kila Jumapili katika baa ya Sinza kwa miezi kadhaa. Kadi za michango zilichapishwa, ahadi zikasomwa kwa sauti, na aliyechelewa alifuatwa mpaka kazini. Sherehe ikiisha tulikutana tena kuvunja kamati, yaani kula na kunywa kilichobaki. Nimevunja kamati nyingi, na sikuwahi kulala njaa.

Kuna lawama iliyozoeleka juu ya hili, na bila shaka msomaji ameshaisikia: Watanzania tunachangia harusi mamilioni, lakini mtoto akifukuzwa ada au mgonjwa akilazwa tunatoweka. Nami niliirudia kwa miaka mingi. Sasa naiona ni nyepesi. Mchango wa harusi ni deni linalozunguka. Nimekuchangia mwanao, utanichangia wangu, na katikati tunakula. Una tarehe, una ukumbi, una mwisho. Ugonjwa hauna hata kimoja kati ya hivyo. Tena asiyechangiwa harusi ataoa bila muziki, na ndoa yake itakuwa halali. Asiyechangiwa upasuaji atakufa. Kosa letu haliko kwenye kupenda sherehe. Tumechukua njia ya kugharimia sherehe tukaitumia kugharimia uhai.

Simu ilipoleta fedha mkononi, nilidhani tatizo limekwisha. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya. Sikuhitaji tena kuzunguka ofisini na bahasha. Baada ya miaka michache yakaja makundi ya WhatsApp, na orodha ya waliotoa ikawa inanakiliwa na kurefushwa mbele ya macho ya wote. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, tuliandikiana kila siku. Na kweli, watu walitoa. Dereva, mpishi, dada wa mapokezi, kila mmoja alituma alichonacho. Hata mwaka 2021 serikali ilipoweka tozo kwenye miamala ya simu, na kila mchango wa mgonjwa ukawa na makato yake, michango haikukatika.

Lakini mimi niliona kitu kingine kikibadilika. Kijijini aliyeumwa tulimwona kwa kumtembelea. Kwenye kundi ilibidi aonyeshwe. "Mweka hazina, tuma picha," waliniandikia, "watu wapate kuamini." Nilituma picha za vidonda, za mirija puani, za fomu za hospitali zenye jina na ugonjwa wa mtu. Picha kali ilileta fedha nyingi kuliko picha ya mtu aliyeketi kitandani kachana nywele. Mama mmoja mwenye uvimbe tumboni alikataa kupigwa picha. Alisema, "Mwanangu, mimi ni mama wa watu. Waambie naumwa, inatosha." Haikutosha. Hivi heshima ya mgonjwa nayo ni sehemu ya bei?

Kisha ukafika mwaka ambao wagonjwa wawili walilala wakati mmoja. Wa kwanza alikuwa kijana wa idara ya mauzo, mcheshi, mtu wa mpira, mwanakamati wa harusi za nusu ya ofisi. Lengo lake lilitimia kabla ya saa sita mchana. Wa pili alikuwa mlinzi wa getini, ameajiriwa na kampuni nyingine, mkimya, ametoka mbali na hana ndugu mjini. Kila asubuhi alitufungulia geti, tukampungia mkono. Alihitaji upasuaji. Wiki mbili zilipita tukiwa tumepata chini ya nusu ya fedha. Sikumsikia mtu akisema hatutoi. Kila mmoja alisubiri wale wanaomjua watoe, na waliomjua hawakuwapo.

Alifariki. Siku ile ile hospitali ikatuambia mwili hautatoka mpaka deni lilipwe. Ndipo nilipoona ajabu ambayo mweka hazina yeyote wa mjini ameiona: kundi lililoshindwa kumtibu kwa wiki mbili likalipa deni lote, jeneza na gari la kwenda kwao kabla ya jua kutua. Kwa msiba tunajua la kufanya, tumefundishwa tangu utotoni. Hakuna anayetaka kuonekana hakuzika. Nikiwa naandika majina yale, nilimsikia bibi: huyu kamkosea nani? Safari hii hakukuwa hata na fundi wa kulaumu. Suala la maiti kuzuiwa hospitalini kwa ajili ya deni limefika hadi bungeni, na viongozi wa serikali wamelikemea. Wanafanya vyema. Ila kumwachilia maiti ni kulijibu swali la bibi tukiwa tumeshachelewa.

Kuna hesabu nilizifanya baadaye. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, kwanza kwa watumishi wa serikali. Kwa miaka kadhaa mzazi asiye na ajira rasmi aliweza kumkatia mtoto mmoja bima ya Toto Afya kwa shilingi 50,400 kwa mwaka, mpaka mwaka 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja uliposimamishwa. Vijijini, mfuko wa afya ya jamii ulioboreshwa ulikuwa ukichukua shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Kadi ya harusi ya watu wawili ninayoletewa siku hizi huanzia shilingi 100,000. Sitaji hesabu hizi ili kuinyima harusi. Nataka ionekane jinsi kumlinda mtu kabla hajaumwa kulivyo rahisi, na bado hakuna kamati inayoketi baa kwa ajili ya mtu mzima wa afya.

Mwishoni mwa mwaka 2023 nchi ikapata Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Inamtaka kila mkazi awe na bima, na imeweka mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo. Watu wameijadili kwa upande wa makato na vitita vya huduma, na ni haki yao. Mimi nilivutiwa na jambo jingine: inasema ugonjwa wa mtu nisiyemjua, asiyenichekesha, asiyewahi kunichangia, unanihusu. Ushirika wa kijijini haukufika hapo hata siku moja. Ulimjali aliyeshiriki. Asiyeshiriki aliwekewa maiti ndani.

Sheria hiyo inashuka hatua kwa hatua, na wakati tukiisubiri, sisi watu wa kwetu tulioko Dar es Salaam tuna chama cha kuzikana. Kazi yake kubwa ni kukodi basi la kumrudisha marehemu nyumbani. Katika mkutano mmoja nilipendekeza sehemu ya akiba ilipie bima ya kaya za kijijini, tukianza na zile ambazo hazina mtoto wala ndugu mjini. Kelele zilizozuka sikuzitarajia. Kijana mmoja aliuliza nani atawachagua, na kama majina yatasomwa. Mama mmoja akasema yakisomwa yeye anatoka, maana kijijini umaskini ukishaandikwa haufutiki. Mzee anayeheshimika kuliko wote akauliza, "Hao hawana mtu humu. Hawajatuchangia, hawatatuchangia. Tunawalipia kwa lipi?"

Nilijibu nilivyoweza: kwamba wenye watu tayari wana bima, na bima hiyo ndiyo sisi. Hakuridhika. Tulipiga kura, pendekezo likapita kwa tofauti ndogo, kwa mwaka mmoja, bila majina kusomwa. Wanachama wawili walijitoa.

Kwa hiyo sasa nina orodha ya watu wasiojua kwamba nimewaandika. Hakuna picha zao, na hakuna atakayenishukuru. Mzee bado anaipokea shikamoo yangu, na kila tukikutana ananiuliza jambo lilelile: siku fedha za basi zitakapopungua kwa sababu ya hao, maiti wa nani atazikwa Dar, mbali na mababu zake? Sijampa jibu. Kwetu mtu kuzikwa kwao si jambo dogo, na mzee huyo si mchoyo. Analinda ahadi tuliyopeana sote tulipojiunga. Nimemwomba aliulize tena mbele ya wanachama wote. Katibu ameshaliweka kwenye ajenda za mkutano ujao, kabla ya taarifa yangu ya hesabu.